Chumba cha Wageni Hakina Mgeni

"Kwa hiyo kaka yangu alale juu ya spika?" Ibrahimu aliuliza. Mkono mmoja ulishika ubavu wa kitanda, mwingine ulikusanya kanzu yake ya Ijumaa isiguse vumbi.

"Hakuna aliyesema alale juu ya spika," mkewe Chausiku alimjibu. "Nimesema hicho kitanda kiache hapo ukutani kilipo."

"Kimekaa ukutani wiki sita, Mama Yasmini! Kuku wameshajua ni chao."

"Basi usiwasumbue wenyewe."

Binti yao Yasmini alisimama mlangoni, mswaki mdomoni, akamtazama baba, akamtazama mama, kisha akaona afadhali aendelee kusugua meno.

"Chumba cha wageni ni cha wageni," Ibrahimu alisema, akiinua sauti ili ivuke ua. "Ndiyo maana kikaitwa hivyo."

"Nitajie hao wageni. Tangu mwaka uanze amelala nani mle? Kaka yako Akida, siku mbili. Na mbuzi wa Idi, usiku mmoja, kwa sababu mvua ilinyesha. Chumba kizima, dirisha, pazia, kwa ajili ya Akida na mbuzi!"

"Usimtaje kaka yangu na mbuzi kwa pumzi moja."

"Mbuzi alitandika vizuri zaidi."

Yasmini alipaliwa na dawa ya meno. Ibrahimu hakucheka. Aliachia ubavu wa kitanda, akajifuta mikono, akasema maneno ambayo Chausiku alijua ameyapanga tangu alfajiri.

"Sikiliza. Nafasi nilimpa mtoto. Nilinyamaza mkibandika matakataka ukutani, nikanyamaza mlipotoboa ukuta wangu kupitisha waya. Kazi ya kwanza imekwenda Runzewe, imemwaibisha mtu mbele ya wakwe. Ya pili mbaya, ya tatu mbaya. Kaka Akida yuko kwenye basi, anatoka Nyarugusu, tutakutana msikitini. Tukirudi baada ya swala, nataka nione kitanda ndani na spika kwenye maboksi. Na mtoto atakuja kunisaidia dukani kuuza spea za pikipiki. Nimemaliza."

Alivaa kofia yake akatoka. Yasmini alitema dawa, akaingia chumbani kwake bila kusema neno, na hilo ndilo lililomkera Chausiku. Yasmini wa kawaida angebisha.

Chausiku alikuwa mtunza ghala. Alisomea ugavi chuoni, akapata stashahada, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepokea na kutoa magunia ya pamba na mpunga bila hata kilo moja kupotea mikononi mwake. Hakujua muziki. Alichojua ni kwamba mtu akifanya kazi kwa utaratibu uleule mara tatu na mara zote tatu ikatoka mbovu kwa namna ileile, basi tatizo si uvivu wala si bahati. Kuna kitu mahali fulani kimekaa vibaya, na mtu hajakiona.

Yasmini alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alijifunza kumiksi kwa mtu mwenye studio Mwanza. Kumiksi, kama alivyomweleza mama yake, ni kuchukua sauti za waimbaji, ngoma na kinanda, kila kimoja kikiwa kimerekodiwa peke yake, na kuvipanga mpaka visikike kama kitu kimoja. "Kama pilau," alisema. Chausiku alielewa hapohapo. Yasmini alirudi nyumbani Kahama akiwa na kompyuta, spika mbili ndogo nyeusi nzito kama mawe, na ombi moja: chumba cha nyuma, kile cha wageni.

Chausiku ndiye aliyeruhusu, na alichoruhusu alikisimamia. Kitanda kilifunguliwa kikaegemezwa ukutani kwenye baraza. Chausiku mwenyewe alizunguka kwa wauza chipsi akakusanya trei za mayai sitini na nne, akazihesabu mara mbili kama ilivyo kawaida yake, wakazibandika kuta mbili kwa gundi ili kupunguza mwangwi. Dirishani alitundika pazia zito la sebuleni. Godoro la wageni walilisimamisha kona moja, Yasmini akasema linameza sauti. Meza ilisogezwa mara nane. Mara spika ziko mbali na ukuta, mara ziko karibu, mara ziko sawa na masikio, mpaka Chausiku akasema zikisogezwa tena atazipigilia misumari. Siku walipomaliza, Yasmini alipiga makofi mara moja katikati ya chumba, akasikiliza, akatabasamu. Chausiku naye akapiga makofi. Hakusikia tofauti yoyote, ila alitabasamu pia.

Kisha akaja Mama Klara. Jina lake ni Asteria, mwanamke wa Kisukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Alikuwa anamwoza bintiye, na kikundi kilikuwa kimeimba wimbo wa kuingilia ukumbini. Yasmini akaumiksi, akautuma kwenye simu, Mama Klara akausikiliza kwenye simu, akajibu kwa vicheko. Simu haina besi, ile sauti nene ya chini, hata ukiibembeleza, kwa hiyo haikumwambia mtu yeyote chochote.

Wiki iliyofuata, kwenye sherehe ya kumuaga Klara kule Runzewe, wimbo ukawekwa kwenye spika za ukumbi.

"Mayu, mama yangu," Mama Klara alimweleza Chausiku aliporudi, amekaa sebuleni na sare yake bado mwilini, "tulijipanga mlangoni wanawake kumi na wawili. Magoti tumeshayakunja. Wimbo ukaanza. Nikasubiri ngoma. Ngoma haipo! Ni sauti zetu tu, nyembamba, kama mbu wako kwenye chupa. Sasa mtu anakata kiuno kwa mbu? Tukaingia tunatembea. Kama tunakwenda kupokea dawa! Upande wa bwana harusi mmoja akauliza kama sisi ndio wafiwa."

Yasmini alirudi chumbani, akausikiliza upya, akatoka amevimba. Ngoma zipo, alisema. Zimejaa tele. Spika za Runzewe ndizo mbovu. Mama Klara akautia kwenye redio yake kubwa ya nyumbani: mbu. Yasmini akaurekebisha, akatuma: mbu. Akarekebisha tena. Harusi yenyewe ilikuwa kesho Jumamosi, na Mama Klara, ambaye ni mtu wa haki, alitoa muda mpaka leo jioni. Baada ya hapo ataupeleka wimbo kwa mtu mwingine huko mjini, na kila mwanamke wa kikundi kile, ambao kila mmoja ana binti au mpwa wa kuoza, atajua ni kwa nini.

Sasa ilikuwa Ijumaa, wiki ya kwanza ya likizo ya Chausiku. Likizo hiyo alikuwa na mpango nayo mmoja tu: kulala mchana. Chumba chao cha mbele kilikuwa kikubwa, chenye utulivu, na kitanda cha mninga cha futi sita kwa sita. Siku nne mfululizo alikuwa amekula, akafunga mlango, akalala mpaka alasiri kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Mwaka mzima hakuwa amefurahi hivyo.

Saa sita na nusu, Yasmini akiwa jikoni anakaanga vitunguu vya pilau, Chausiku aliingia chumba cha nyuma na maboksi mawili. Hakukubaliana na mumewe, ila alitaka kujua kama spika zitaenea. Zilienea, akazirudisha mezani. Kabla ya kuzima kompyuta aliona kwenye kioo neno "KLARA", na kwa kuwa alikuwa hajawahi kuusikiliza huo wimbo akiwa peke yake, akabonyeza.

Akina mama wakaanza kuimba. Chausiku akasubiri ngoma.

Hapakuwa na ngoma. Kwa mbali kulikuwa na kitu kinagonga, kama mtu anagonga kopo kwa kidole. Sauti za akina mama zilikuwa kali, nyembamba. Mbu.

"Yasmini!"

Yasmini alikuja mwiko mkononi. Alisikiliza sekunde tano, macho yakamtoka. "Mama! Umegusa nini?"

"Nimegusa kitufe cha kucheza."

"Umegusa kitu kingine! Mbona hivi? Asubuhi haikuwa hivi! Mama, nilikuomba, nilikuomba usiguse..."

"Nina umri wa kugusa kitufe. Usinipigie kelele na mwiko."

Yasmini alipiga magoti chini ya meza, akachomoa waya, akachomeka. Mbu. Akageuza vitufe vyote kwenye kioo, akavirudisha. Mbu. Akavaa spika zile za masikioni, akatikisa kichwa, akavua. Machozi yalikuwa karibu. Kutoka jikoni harufu ya vitunguu ilianza kuwa ya mkaa, Chausiku akaenda kuvitoa, akabandika pilau kwa vitunguu vingine, akarudi akakaa kwenye boksi. Binti yake alifungua na kufunga kila kilichofungika, wimbo ukarudia mara ya sita, ya saba, ya kumi, na bado akina mama wale walikuwa wakienda kupokea dawa.

Saa nane kasoro dakika chache Yasmini akanyanyua kichwa ghafla. "Imerudi!"

Kweli ilikuwa imerudi. Wimbo uleule, waya zilezile, lakini sasa chini yake palikuwa na uzito, kitu kinene kinachotembea kwenye sakafu. Sauti za akina mama zilikaa juu yake vizuri.

"Ilikuwa waya," Yasmini alisema, akijifuta uso kwa mkono wenye bizari. "Nilijua tu ni waya. Pole Mama, nilikupigia kelele."

"Zima wimbo."

"Kwa nini? Imeshakuwa nzuri."

"Zima."

Yasmini akazima. Akina mama wakanyamaza. Ule uzito haukunyamaza. Ulibaki palepale, chini, kwenye sakafu, kwenye miguu ya meza, unanguruma.

Walitazamana.

Nyuma ya ukuta ule, hatua kama tano hivi, ilikuwepo mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Abdulshakur. Ilikuwepo kabla ya nyumba. Ilianza saa mbili asubuhi ikazima magharibi, kila siku Mungu aliyoumba, ila Ijumaa ilisimama kuanzia saa sita mpaka mzee arudi msikitini. Wageni wakiuliza, "Mnaishije na hii kelele?" familia huuliza, "Kelele ipi?" Miaka kumi na minne waliishi nayo. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akiisikia tena. Na kila Ijumaa mchana, saa pekee za kazi ambazo chumba kile kilikuwa kimya, Yasmini alikuwa jikoni anapika pilau.

"Ghalani kwetu," Chausiku alisema taratibu, "kuna wakala mmoja wa pamba alikuwa na tabia ya kuegemea mizani tukipima. Hajui, ni unene tu. Gunia la kilo themanini linasoma mia. Ndiyo maana mimi sipimi kitu kabla sijaitazama mizani ikiwa tupu. Wewe mizani yako haiko tupu, mwanangu. Mzee Abdulshakur ameiegemea."

Yasmini alikaa sakafuni. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nasikia besi ya mashine..."

"Ukaona inatosha, ukapunguza ya kwako. Mashine haikualikwa Runzewe."

"Wiki sita, Mama!" Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani. "Nimemtukana mtu wa spika wa Runzewe. Kwa maandishi. Nitafanya usiku, basi, mashine ikizima."

"Mama Klara anataka jioni hii. Na baba yako akisikia ngoma saa tano usiku, hutakuwa na masikio ya kumiksia." Chausiku alishasimama. "Lete sufuria la maji."

"La nini?"

"Hujui kuniambia ndiyo Mama?"

Sufuria likaja. Chausiku akaliweka sakafuni, wakainama wote wawili. Uso wa maji ulikuwa umejaa viduara vidogo vinavyokimbizana. Wakalibeba mpaka chumba cha katikati, cha Yasmini. Maji yalitulia kidogo, lakini ukitazama kwa makini yalikuwa bado yanatetemeka kama mwenye baridi. Sebuleni vilevile. Jikoni ndiyo usiseme. Wakaingia chumba cha mbele. Chausiku akaliweka sufuria kando ya kitanda chake cha mninga, akashika magoti, akatazama.

Maji yalilala. Hata unywele hayakutikisika.

Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliitazama na shuka aliyoitandika kwa ajili ya saa tisa, na foronya aliyoipiga pasi. Zilibaki wiki tatu za likizo.

"Mimi na baba yako," alisema, akiwa bado ameinama, "humu tunaingia usiku. Mashine inafanya kazi mchana. Wewe unafanya kazi mchana. Nani aliyepanga nyumba hii?"

"Mama, hapana. Baba ataniua."

"Ataanza na mimi, utapata muda wa kukimbia. Lete spana."

Ndivyo Ibrahimu na kaka yake Akida walivyowakuta, saa nane na nusu, wakiwa wamekuja na kanzu safi na njaa ya pilau: ubao wa kichwani wa kitanda cha mninga ukiwa umesimama sebuleni kama mtu anayesubiri kukaribishwa, na Chausiku nyuma yake, khanga imefungwa kiunoni.

"Assalamu alaykum," Akida alisema kwa sauti kubwa. Alikuwa na kinu cha kusaga mawe ya dhahabu kule Nyarugusu, wenyewe wanakiita karasha, na baada ya miaka yote hiyo alikuwa anazungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya shimo.

"Waalaykumu salaam, shemeji. Karibu sana. Kunja kanzu, kamata huku."

"Shikamoo Baba Mkubwa," Yasmini alisema kutoka chini ya chaga.

"Marahaba, mwanangu! Mnahama?"

"Mama Yasmini," Ibrahimu alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, dalili mbaya. "Kitanda changu kinakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Chumba cha wageni."

"Mimi ni mgeni?"

"Wewe na mimi. Akida atalala chumba cha Yasmini, kwenye kitanda chake cha siku zote, kitaingia mle kikishapanguswa uchafu wa kuku. Yasmini atafanyia kazi chumba cha mbele na atalala humohumo, godoro chini. Ulitaka mgeni apate chumba, amepata. Ulitaka kitanda kiingie ndani, kinaingia."

"Sikusema hiki!"

"Hukutaja."

Ibrahimu alifungua mdomo. Chausiku hakumpa nafasi. Alimshika kiwiko, akampeleka chumba cha nyuma, akamwambia Yasmini acheze wimbo, kisha auzime. Akamwonyesha sakafu. Halafu akampeleka mbele, akamwonyesha sufuria. Ibrahimu alikuwa fundi kabla ya kuwa na duka, na mtu aliyewahi kusikiliza injini kwa bisibisi sikioni haelezwi jambo kama hilo mara mbili. Aliyatazama maji. Alirudi nyuma peke yake, akaweka kiganja ukutani, akakaa nacho pale.

"Kumbe ipo," alisema.

"Ipo."

"Mimi nilidhani mtoto hajui kazi."

"Na yeye alianza kudhani hivyo. Ndiyo maana leo asubuhi hakubisha."

Ibrahimu alikuna ndevu. Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, akalisema kwa sauti ndogo Akida asisikie, ingawa Akida hasikii hata sauti kubwa. "Na usingizi wangu wa Ijumaa?"

"Na wangu wa likizo? Nimeuhesabu. Mchana ishirini na moja."

"Nini?" Akida aliuliza kutoka sebuleni, ameukumbatia ubao wa kichwani.

"Anauliza atalalaje na mashine!" Chausiku alimpigia kelele.

"Mashine ya mpunga?" Akida alicheka mpaka ubao ukatikisika. "Ibrahimu, mimi nalala hatua kumi kutoka kwenye karasha. Linasaga mawe! Hii ni mtoto anakoroma. Siku karasha likizima ndiyo naamka, nadhani nimekufa. Njoo kamata, pilau linapoa."

Walikamata. Mbavu zilipita, chaga zilipita, godoro lilipita likaangusha saa ya ukutani. Ubao wa kichwani uligoma kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Waliuinamisha, wakaugeuza, wakausimamisha, Akida akashauri wakate kidogo, Chausiku akamwambia akate mguu wake.

"Haupiti," Ibrahimu alisema, na ilionekana ana matumaini.

"Ng'oa mlango."

Aling'oa mlango, bawaba tatu, akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Ubao ukapita. Yasmini alikuwa tayari amebeba spika mbili mikononi kama mapacha, anakwenda nazo mbele, na nyuma yake pazia, na nyuma yake godoro la wageni likitembea lenyewe, maana Akida alikuwa ndani yake na hakuonekana. Trei za mayai waliziacha. Chausiku alisema atalala nazo, zinampendeza.

Saa tisa na robo, Ibrahimu alikaza nati ya mwisho, Chausiku akatupa shuka juu. Mzee Abdulshakur alikuwa amepata gari zima la mpunga na mashine ilikuwa inavuta kwa nguvu zote. Kitanda kilitetemeka. Ibrahimu alijilaza kwa tahadhari, mikono juu ya tumbo.

"Meno yangu yanagongana," alisema.

"Funga mdomo."

Chumba cha mbele mlango ulifungwa. Kwa dakika kadhaa hawakusikia chochote zaidi ya mashine, ambayo sasa walikuwa wanaisikia vizuri mno. Halafu Yasmini akapiga yowe.

"Mama! Ngoma hazimo! Hazimo kabisa!"

"Zitie!" Chausiku alijibu bila kuinuka, akavua khanga ya kiunoni, akapanda kitandani upande wake, akamwambia mumewe asogee.